Neno Lililotuzuia Kwenda Salalah

Kila mwaka ikifika Julai, wazee wenye uwezo walikuwa wakiikimbia Dubai. Matajiri walipanda ndege kwenda Ulaya. Wazee wangu wawili, ambao hawakuwa wangu kwa damu wala kwa kabila, walikuwa na karavani.

Nasema karavani kwa sababu ndivyo wao walivyoiita. Lilikuwa gari refu jeupe, mbele kiti cha dereva, nyuma nyumba kamili: kitanda, jiko dogo la gesi, choo cha kubana magoti, friji, na kiyoyozi kilichoendeshwa na jenereta. Mzee aliinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akirudi kwao, mwaka ule Mzee alipostaafu ukarani wa mizigo. Tangu hapo, kila msimu wa joto, yeye na mkewe waliondoka Dubai, wakavuka mpaka wa Oman, wakalikata jangwa la katikati hadi Salalah. Miezi ileile sisi tunapookwa, milima ya kule hufunikwa ukungu na manyunyu, na nyasi huota. Wenyewe huita msimu huo kharifu. Wazee wangu walikaa huko wiki sita, wameegesha karibu na minazi na migomba, pamoja na wastaafu wengine wenye magari kama hayo, wakinywa chai na kulalamikia baridi.

Nilipoyasikia haya mara ya kwanza sikuyaamini. Baridi, Bara Arabu, mwezi wa saba? Nikatafuta kwenye simu. Ilikuwa kweli. Hata hivyo niliendelea kushuku picha zile kwa wiki nzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa na shahada ya falsafa na historia kutoka chuo kikuu kimoja cha umma kwetu Kenya, na kazi ya kupakia mizigo Bandari ya Al Hamriya. Wakala wa Nairobi aliniahidi usimamizi wa ghala. Kitambulisho kilipotoka, kilisema kwa Kiarabu kwamba mimi ni mfanyakazi wa kupakia na kupakua. Nikauliza. Nikajibiwa yalla, kazini. Ndivyo nilivyojifunza kwamba kule kila mgeni ana neno lake limeandikwa kwenye karatasi za ukaazi. Linaitwa mihna, yaani kazi, na neno hilo ndilo linaloamua unaweza kumleta nani, ukae wapi, uvuke mpaka gani. Mwenzangu wa chumbani, Mganda aliyekuwa mlinzi wa hoteli Al Mankhool, aliandikwa fundi bomba.

"Prof, mimi hata hii koki ya bafu inanishinda," alikuwa akisema. "Lakini mbele ya serikali ni fundi bomba. Banange, nimekubali."

Mimi sikukubali. Nilikuwa kijana wa kutokubali. Nilibishana na msimamizi, na mchungaji wa Wakenya aliyekuja Ijumaa kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, na Mganda wangu juu ya kama Mungu yupo, na kama yupo kwa nini amemfanya yeye fundi bomba.

Mzee alinikuta bandarini siku aliyoleta magodoro ya kupelekwa kwa jamaa zake Unguja. Kamba ilikuwa imekatika, nami nikawa naitukana kwa Kiswahili, nikidhani hakuna anayeelewa. Sauti ikasema nyuma yangu, "Kamba haina mama, mwanangu. Sasa huyo mama unayemtukana ni wa nani?"

Nikageuka. Kanzu nyeupe, miwani minene, Mwarabu mtupu kwa macho yangu, na Kiswahili chake kimenipita mbali.

Baada ya hapo nikawa nakwenda kwao kila Ijumaa, Jumeirah Village Circle, ambako katikati ya miaka ile ya 2010 mchanga ulikuwa mwingi kuliko majengo. Karavani iliegeshwa kwenye kiwanja kitupu nyuma ya jengo lao. Kazi yangu ilikuwa kuiosha vumbi, kuwasha injini kidogo, kisha kupanda ghorofa ya tatu na kula. Mtoto wao wa pekee alikuwa Kanada, akipiga simu. Nadhani kazi yenyewe hasa ilikuwa kule kula.

Bibi alikuwa mdogo wa mwili, mweusi kuliko mumewe, na ulimi wake haukulala.

"Bibi, niko na swali."

"'Niko na'! Nina, mwanangu. Nina swali. Nyinyi watu wa bara mwasema kama mnasukuma gari bovu."

"Nina swali."

"Haya, uliza sasa."

Niliuliza kila kitu. Kwa nini waliondoka Unguja, nani aliwafukuza, na hao waliowafukuza walikuwa na sababu gani. Kama Mzee alijua babu zake walifanya biashara gani, na ya nini. Mzee alikuwa akilikunja gazeti lake taratibu. "Huyu kijana angefaa forodhani," alikuwa akimwambia mkewe. "Anakagua mpaka soksi za mtu." Lakini alinijibu. Hakuna mtu mwingine Dubai aliyekuwa ananijibu.

Mwaka ninaousimulia, mapafu ya Bibi yalikuwa yamechoka. Alikuwa na mashine ya oksijeni kando ya kochi, yenye mrija mwembamba uliopita nyuma ya masikio yake. Daktari alimkataza ndege kabisa. Nje, hewa ilikuwa kama mvuke wa sufuria. Ndani, kiyoyozi kilimkausha kifua. Yeye alitaka jambo moja tu: kwenda tena Salalah. Hakusema anakwenda kupona. Nilimuuliza.

"Nani kasema kupona? Nataka nilowe," alisema. "Manyunyu yanipige usoni, kanga inigande mwilini, niseme yarabi nimelowa, nikabadilishe nguo. Basi."

Kwao Unguja asingeweza kufika bila ndege. Salalah, yenye minazi yake na mipapai, ilikuwa Unguja ya kufikika kwa barabara. Na kwenye karavani angelala njia nzima, na mashine yake ingekula umeme wa jenereta.

Kilichokosekana ni dereva. Mzee alikuwa na presha ya macho, na leseni yake walikataa kuihuisha. Mimi leseni nilikuwa nayo, kampuni iliniandikisha kwa sababu ilihitaji mtu wa kuendesha pikapu. Ikawa wazi kwa sote watatu kwamba dereva ni mimi.

Mwezi wa tano Mzee alinikalisha mezani.

"Mkataba wako wa bandari unakwisha mwezi huu, siyo?"

"Ndiyo."

"Usitie saini tena. Nitakuandika mimi. Mimi ndiye nitakuwa kafeel wako, mdhamini wako. Utakaa chumba kile cha nyuma, utatuendesha. Nina pasi ya Oman, tutavuka bila neno."

Akanisogezea fomu. Herufi za Kiarabu nilikuwa nimejifundisha mwenyewe, kwa kusoma makasha ya mizigo. Nikapitisha kidole.

"Hapa juu pameandikwa nini?"

Aliisogeza karatasi karibu na miwani, ingawa alijua. "Khadam. Fungu tu la fomu, mwanangu. Wapishi, mayaya, madereva wa nyumbani, wote wamo humo."

"Hadimu."

"Enhe. Hadimu."

Lazima nieleze kilichonipata, maana hata leo sikioni kuwa ni upuuzi. Chuoni nilisoma muhula mzima juu ya misafara iliyotoka bara kwenda pwani: nani alitangulia na bunduki, nani alifuata na kamba shingoni, na pwani wale waliofika waliitwa nini. Sasa hapa palikuwa na mtu wa bara, Mwarabu wa Unguja, na karatasi ya kunifanya mimi hadimu wake kwa miaka miwili, na muhuri wa serikali juu. Nilikuwa pia nimeona, kule kambini, wasichana waliotoroka majumba ya makafeel wao. Niliona yote hayo kwa pamoja. Sikumwona mzee mwenye macho mabovu anayetafuta dereva.

"Sitaandikwa hadimu wa mtu," nikasema. "Na wewe Mzee, kwa historia yenu, hukupaswa hata kuniuliza."

Mzee akavua miwani. Bibi ndiye aliyesema, toka kwenye kochi lake.

"Neno hilo lina ubaya gani?"

"Bibi, maana yake mtumwa."

"Maana yake mama yangu," alisema. "Mama yangu Mhadimu wa Makunduchi. Watu wake wote Wahadimu. Wana mashamba yao, wana ngoma zao, na kiburi kukushinda wewe."

"Lakini ukitazama neno lilikotoka—"

"Kula, mwanangu. Wali unapoa."

Nikala. Wiki iliyofuata nikatia saini mkataba mpya wa bandari, miaka miwili mingine ya kupakia na kupakua, na nikajiona mtu huru.

Sikuwatupa, lakini. Niliwaahidi kuchukua likizo yangu ya mwaka Julai badala ya kwenda nyumbani, niwaendeshe kama rafiki, bila karatasi ya umiliki. Nilisoma mtandaoni kwamba wakazi wa nchi za Ghuba hupewa viza ya Oman papo hapo mpakani. Palikuwa na mstari juu ya kazi zinazokubaliwa. Niliusoma mstari huo. Nikajijengea hoja, kama nifanyavyo kwa kila kitu, kwamba hauwezi kumhusu mtu mwenye shahada. Wangeona ninaandamana na Mwomani na mkewe mgonjwa, wangeona cheti. Nikakiweka cheti ndani ya bahasha ya plastiki.

"Una hakika?" Mzee aliniuliza mara mbili.

"Nina hakika." Mimi, ambaye darasani nilishindwa kuwa na hakika hata ya meza iliyokuwa mbele yangu. Mzee alikuwa karani wa mizigo miaka thelathini. Karatasi alizijua kunipita. Hadi leo sijui kama aliniamini au alikuwa hana mwingine.

Tulitoka asubuhi, jua limeshapanda. Mzee kando yangu, Bibi kitandani nyuma, mashine ikihema kwa ajili yake. Barabara ya Al Ain imenyooka, miti ya kumwagiliwa pembeni, na nyuma ya miti mchanga. Kila baada ya dakika chache Bibi aliuliza tumefika wapi. Mlima ulipojitokeza mbele, nikamsikia akifungua zipu ya begi. Nilipotazama kwenye kioo, alikuwa amekaa, amevaa sweta la sufi la kijani, amelifunga vifungo vyote.

"Bibie, Salalah bado siku mbili," Mzee akamwambia bila kugeuka.

"Wewe bado siku mbili. Mie nishafika."

Upande wa Imarati walinigongea muhuri wa kutoka bila kuuliza. Upande wa Oman kulikuwa na ukumbi wa baridi na madirisha ya vioo. Ofisa alikuwa kijana wa umri wangu, kofia yake imekaa sawasawa. Alimwamkia Mzee kwa heshima, akaishika pasi yake, akamkaribisha nyumbani. Kisha akakishika kitambulisho changu, akakigeuza, akasoma.

"Mihna hii haipiti," akasema.

Nikamsukumia cheti. Alikisoma, nasema kweli, alikisoma chote, upande wa Kiingereza, polepole, kama mtu anayetaka kusaidia.

"Falsafa," akasema. "Mashallah." Akanirudishia. "Lakini hapa umeandikwa mpakizi."

Mzee akaingia kati kwa Kiarabu cha Oman, akamweleza macho yake, akamweleza mkewe, akamwonyesha karavani kupitia kioo. Kijana alisikiliza.

"Huyu yuko chini yako, baba?"

"Ni kama mwanangu."

"Nimeelewa. Nauliza kafeel wake ni wewe?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Angekuwa khadim wako," kijana akasema, "ningempigia muhuri sasa hivi, mkaenda kwenye mvua yenu. Wanapita hapa kila siku na wazee wao. Lakini huyu ni wa kampuni. Khalas, baba. Nisamehe."

Kiarabu changu kilikuwa kibovu, lakini siku ile nilielewa kila neno. Mzee hakunitazama. Nilisubiri anitazame, nikawa hata nimeshaandaa la kujibu, na yeye akakusanya pasi mbili, yake na ya Bibi, akatoka.

Nje joto lilitupiga kama mlango. Mzee akapita upande wa dereva.

"Nitaendesha mwenyewe."

"Mzee, huoni."

"Mbele naona."

Hilo lilikuwa kweli. Ugonjwa ule unakula pembeni kwanza. Mbele unabaki na tundu. Alipanda, akawasha, akaondoka nami nimeshikilia mlango ulio wazi. Hakwenda mita thelathini. Akakipanda kikoni cha plastiki cha barabarani, kikanasa chini ya gari, kikawa kinaburutwa na kulia juu ya lami.

"Kelele gani hiyo?" akauliza. Hakuwa amekiona.

Askari akapuliza filimbi. Sauti ya Bibi ikatoka nyuma, ndogo.

"Bwana."

"Naam."

"Zima gari."

"Bibie, hapo ng'ambo ndiyo Oman. Pale tu."

"Najua. Zima."

Akazima. Nikatambaa chini ya karavani kukichomoa kikoni, mgongo juu ya lami inayochoma, na nakumbuka nilifurahi kuwa na mahali pa kukaa ambapo hakuna anayeniona.

Nikawarudisha. Hakuna aliyenilaumu njia nzima, na kama wangenilaumu ningejua la kufanya, ningebishana. Tulipoupita ule mlima, nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, "Bibi, nisamehe."

"Kwa lipi? Umesimamia jina lako. Hata mie ningelisimamia." Akavuta pumzi, mara mbili, tatu. "Ila ningelowa."

Jumapili yake nilikwenda ofisi ya kampuni kuomba wanifungue nihamie kwa Mzee. Yule wa ofisini aliniuliza kama ninaumwa. Mkataba una miezi miwili, akasema, kwa nini hukuondoka mwezi wa tano? Nikamwambia nilikuwa nafikiri. Akacheka, akaniambia nirudi baada ya mwezi, inshallah. Nilirudi kila wiki. Nilipomweleza Mganda wangu, hakunitania. "Prof, wewe uligombana na neno," alisema tu, akageukia ukuta.

Siku moja ya Agosti nilinunua chupa ya kunyunyizia maua. Nikampeleka Bibi nje roshani na kiti chake, nikajaza maji ya bomba, nikamnyunyizia usoni. Nilisahau jambo ambalo kila mtu wa Dubai analijua: majira yale bomba la maji baridi hutoa maji ya moto, tangi zinapikwa juani.

"Mvua ya chai hii," Bibi akasema, akafuta uso na upande wa kanga. Alicheka, kisha kicheko kikawa kikohozi, Mzee akaja akatuingiza wote ndani na kufunga mlango wa kioo.

Kampuni ilinifungua mwisho wa mwezi ule. Siku hiyohiyo nilikwenda kwenye ofisi ya kuchapa fomu Al Mankhool. Karani aliuliza bila kuinua macho, mihna? Nikamwambia, khadim, dereva wa nyumbani. Nilitegemea kuhisi kitu. Alinitaka picha mbili zenye mandhari nyeupe.

Bibi alifariki katikati ya Septemba, hospitalini, mchana, kabla karatasi hazijatoka. Nje ya dirisha lake kulikuwa na vumbi la ujenzi. Niliangalia kwenye simu, sijui kwa nini; Salalah bado kulikuwa na manyunyu.

Karatasi zilitoka Oktoba, zikiwa sawasawa kabisa. Nimeandikwa chini ya Mzee, kwa miaka miwili. Bandarini hawanichukui tena, na kwingine siwezi kwenda mpaka yeye atie saini. Hiyo ndiyo hali niliyoiogopa, na sasa nimo ndani yake, na haina hata yule bwana mkatili niliyemtazamia. Bado naamini nilikuwa sahihi juu ya neno lile. Nimelipima kila upande na bado naliona baya. Bibi angesema nile wali.

Msimu uliofuata ulipokaribia, nikamuuliza Mzee kama tutakwenda. Mpaka ulikuwa wazi kwetu, nikamkumbusha, hawatatuuliza lolote.

"Kumpeleka nani?" akasema.

Karavani akaiuza kwa mume na mke Wahindi waliostaafu. Aliwaelekeza kwa mkono, hewani, kituo gani cha mafuta jangwani kina maji mazuri, na wao wakaitikia kwa vichwa, na hakuona kama walikuwa wameshageuka kulitazama gari.

Siku hizi tundu la mbele nalo linafunga. Nakaa chumba cha nyuma. Nampikia, namsomea gazeti, nampeleka kwa daktari na gari dogo la kukodi. Alasiri analala, nami nakaa sebuleni na kitabu nisichokisoma. Akiamka huwa haiti jina langu. Anauliza tu, toka gizani kwake, "Upo?"

"Nipo, Mzee."

Baada ya kidogo anauliza tena.